Kanisa lililolowa kwa ndani: kisa cha ukarabati wa jengo la kale la Kilutheri

Kisa hiki kinahusu kanisa la Kilutheri katika mji mdogo wa nyanda za juu Tanzania, lililojengwa enzi za Wajerumani. Nimeondoa jina la mji, la usharika na ya wahusika wote, na vipimo nimeviweka kwenye namba za mviringo. Niliitwa kama mshauri wa ujenzi na nimelifuatilia jengo kwa zaidi ya misimu miwili ya mvua. Nakiandika kwa ajili ya mabaraza ya wazee na mafundi wanaotunza makanisa ya umri huo, maana makosa yaliyofanyika hapa, likiwemo la kwangu, nimeyakuta pia kwingine.

Jengo lenyewe

Wamisionari wa Kanisa la Moraviani na wa shirika la misioni la Berlin walifika kusini mwa Tanzania ya leo mwaka 1891, na wa shirika la Leipzig wakafika Machame, Kilimanjaro, mwaka 1893. Walianza na vibanda vya miti na nyasi. Waumini walipoongezeka ndipo yakaja makanisa ya kudumu, na hili ni mojawapo ya hayo.

Ni ukumbi mmoja usio na nguzo, urefu mita 24, upana mita 10, kimo mita 6 hadi darini. Mashariki kuna sehemu ya nusu duara yenye madhabahu, magharibi mlango mkuu na juu yake mnara mfupi wa kengele. Madirisha ni sita kila upande, yenye matao, na vioo vyake ni vya kawaida visivyo na picha. Mimbari iko kushoto, ngazi tano juu ya sakafu. Birika la ubatizo liko kulia. Nyuma, juu ya mlango, kuna roshani ya mbao ya kwaya.

Umbo hilo halikutokea kwa bahati. Mwaka 1544 Luther mwenyewe alizindua kanisa dogo la kasri la Torgau, Ujerumani, la kwanza kujengwa mahususi kwa ibada ya Kilutheri. Mimbari iliwekwa katikati ya ukuta wa upande na roshani zikazunguka, ili watu wawe karibu na anayesema. Karne tatu baadaye Waprotestanti wa Ujerumani walikuwa bado wanabishana kanisa liweje. Kanuni za Eisenach za mwaka 1861 zilitaka kanisa lirudi kwenye sura ya kale: lielekee mashariki, liwe na mnara, madhabahu ipewe mahali pake. Programu ya Wiesbaden ya mwaka 1891 ikajibu kwamba kanisa la Kiprotestanti ni nyumba ya kusanyiko, mimbari na madhabahu vikae pamoja mbele ya watu.

Ukilitazama kanisa letu kwa nje, utasema ni la Eisenach. Ukikaa ndani unaona jambo jingine: hakuna benchi lililojificha, hakuna asiyemwona mhubiri, na dari ya mbao nyembamba zilizoachiwa nafasi kati ya ubao na ubao ilikuwa inameza mwangwi. Walioijenga walikuwa wanafikiria sikio.

Kuta zina unene wa sentimita 60. Msingi ni wa mawe, juu yake tofali za kuchoma zilizofyatuliwa palepale, zikaunganishwa kwa udongo uliochanganywa na chokaa, zikapigwa lipu ya chokaa ndani na nje. Saruji ya wakati ule ilikuja kwa meli, na kuifikisha milimani ilikuwa kazi nzito. Kiwanda cha kwanza nchini, cha Wazo Hill, kilianza kuzalisha mwaka 1966. Katika jengo la awali sikukuta saruji hata kidogo, na bila kulijua hilo huwezi kuelewa yaliyofuata.

Mabadiliko yaliyotangulia

Wazee walinieleza hivi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 lipu ya chini ilikuwa inabanduka vipande vipande. Usharika ulichanga, fundi akapiga lipu ya saruji nje, kuanzia chini hadi usawa wa madirisha, akazungushia jengo sakafu ya zege ya upana wa mita moja. Ndani ikapakwa rangi ya mafuta. Jengo likapendeza. Baada ya miaka mitano au sita alama ya unyevu ikaonekana ndani, juu ya rangi. Ikapakwa rangi nyingine. Miaka ya 2000 sakafu ya tofali ikafunikwa kwa marumaru.

Nilipofika, mstari wa unyevu ulikuwa umepanda hadi mita 1.4 kwenye ukuta wa kaskazini. Juu yake kulikuwa na utepe wa chumvi nyeupe, laini kama unga, unaodondoka kwenye mabenchi kila wiki. Akina mama wa zamu ya usafi waliufagia kila Jumamosi na kuukuta tena Jumapili asubuhi. Katika sakristia, chumba cha maandalizi ya ibada, kabati la vitabu vya ubatizo lilikuwa limeegemezwa ukutani, na kurasa za kitabu cha zamani kuliko vyote zilikuwa zimegandana.

Kamati ya ujenzi ilikuwa tayari na ramani ya kanisa jipya. Hoja yao ilikuwa nyepesi kuielewa: jengo limezeeka, linaoza, tulibomoe kabla halijaanguka na watu. Kisheria hapakuwa na kizuizi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya mwaka 1863. Ya baadaye yanahitaji kutangazwa, na hili halikuwa limetangazwa. Uamuzi wote ulikuwa mikononi mwa usharika na dayosisi.

Siku ya kwanza

Mwenyekiti wa kamati aliniita nithibitishe kwamba ukuta haufai. Alitaka barua ya mtaalamu aiambatishe kwenye maombi. Nashukuru kwamba siku niliyofika mvua ilikuwa inanyesha.

Nilizunguka nje kwanza. Upande wa kaskazini mabati hayakuwa na gata. Maji yalidondoka kwenye zege, yakaruka na kulowesha ukuta hadi karibu na magoti. Upande wa mashariki ardhi ilikuwa imepanda: bustani ya maua, taka za kufagia, udongo wa miaka mingi. Nilipochimba kwa jembe nilikuta mstari wa juu wa mawe ya msingi sentimita 40 chini ya udongo. Maana yake tofali zilizokusudiwa kukaa hewani zilikuwa zimezikwa.

Kisha nikagonga lipu kwa funguo. Ililia kama debe tupu. Nikaomba ruhusa ya kufungua kipande cha sentimita 30 kwa 30, chini ya dirisha la tatu. Fundi aliweka patasi pembeni, akagonga mara mbili, na bamba zima likatoka kwa pamoja, gumu kama sahani. Mgongoni mwake kulikuwa na tabaka jekundu la milimita mbili: ngozi ya tofali, imeng'olewa pamoja na saruji. Tofali zilizobaki zilikuwa nyeusi kwa maji. Nilikwangua kiungo kati ya tofali na tofali kwa ukucha, udongo ukatoka kama ugali uliopoa. Mwenyekiti alisogea akagusa mwenyewe. Akasema, "Umeona? Ndiyo maana tunabomoa."

Nikamwomba tufungue kipande kingine kama kile, lakini mita tatu juu, juu ya mstari wa saruji, kwenye lipu ya chokaa ya awali. Patasi ilipata shida. Tofali ya pale ilikuwa kavu, nyekundu, ukiigonga inatoa mlio safi. Kiungo hakikukwanguka. Ukuta ni uleule, umri uleule, fundi walewale, mvua ileile.

Tukiwa tumesimama pale alikuja mama mmoja mzee wa kanisa aliyekuwa akipanga maua. Nilimwamkia, nikamuuliza zamani ukuta ulitunzwaje. "Mwanangu, sisi tulikuwa tunaupaka chokaa kila mwaka kabla ya Krismasi. Vijana wanapanda ngazi, sisi wasichana tunakoroga. Ilipokuja rangi ya kung'aa tukaambiwa sasa mpumzike." Maelezo yake yalinisaidia kuliko chochote nilichopima siku ile.

Maamuzi na sababu zake

Unyevu kutoka ardhini hupanda katika tofali laini kama mafuta katika utambi. Katika ukuta wa chokaa hilo si tatizo kubwa, kwa sababu chokaa ina vitundu: maji yanapanda kidogo, yanafika usoni, yanakaushwa na upepo. Ukuta unalowa na kukauka mwaka mzima. Lipu ya saruji na rangi ya mafuta huziba njia hiyo. Maji hayakomi kupanda; hupanda juu zaidi yakitafuta mahali pa kutokea. Chumvi iliyomo hujikusanya nyuma ya lipu, hugeuka fuwele, hutanuka na kuisaga tofali. Tena saruji ikipasuka nyufa ndogo, mvua inaingia kwa urahisi na kutoka inashindwa. Sketi ya saruji iliyowekwa kuukinga ukuta ndiyo iliyouzamisha.

Hayo niliyaeleza mbele ya baraza la wazee. Sikupewa ushindi. Niliomba msimu mmoja wa kiangazi na mita tatu za ukuta, nao wakakubali kusimamisha ubomoaji hadi tuone. Naamini ombi hilo dogo ndilo lililoliokoa jengo. Ningeomba ukarabati wa kanisa zima siku ile, ningekataliwa, na kwa haki, maana sikuwa na ushahidi wa kutosha.

Mpangilio ulikuwa huu. Kwanza maji: gata pande zote mbili, udongo wa mashariki ushushwe chini ya mstari wa mawe, zege la pembeni livunjwe na mahali pake uwe mtaro wa kokoto wenye mteremko. Pili, saruji na rangi vitolewe kwenye mita tatu za majaribio, nje na ndani, na ukuta uachwe uchi. Lipu mpya ingefuata baada ya hapo. Watu walilalamika kwamba kanisa linatia aibu likiwa limechunwa hivyo, hasa wakati wa harusi. Mchungaji aliwaambia kutoka mimbarini kwamba mgonjwa hafunikwi blanketi kabla kidonda hakijakauka. Walivumilia miezi mitano.

Marumaru ya sakafu tuliiacha. Fedha hazikutosha, na nilikubali. Dari sikuizungumzia kabisa.

Kazi ya chokaa

Hapa tulishindwa mara moja. Fundi wetu alikuwa stadi, lakini miaka yake yote ishirini ilikuwa ya saruji. Lipu ya kwanza ilipokauka ilikuwa na nyufa kama matope ya bwawa, na kipande kimoja kilikuwa kigumu mno. Nilipomuuliza alikiri kwamba aliongeza saruji, "kidogo tu, ili ishike." Sikumlaumu sana. Chokaa inahitaji subira ambayo hakuna aliyewahi kumfundisha, na mimi nilimwachia kazi nikaondoka siku ya pili.

Tulianza upya pamoja. Mawe ya chokaa huchomwa hadi karibu nyuzi 900 za Selsiasi, yanatoa hewa ya ukaa na kubaki chokaa hai. Ukiitia maji inachemka na kufuka mvuke. Ndiyo kuzima chokaa. Tuliizima kwenye mapipa, macho na mikono vikiwa vimekingwa, tukaiacha chini ya maji wiki sita hadi ikawa laini kama siagi. Tukachanganya fungu moja la chokaa na matatu ya mchanga mkali uliochekechwa. Ukuta ulinyunyiziwa maji kabla ya mwiko kugusa. Tabaka halikuzidi sentimita moja, na la pili lilisubiri la kwanza lishike.

Kisha ikaja sehemu ambayo fundi hakuiamini. Saruji hushika kwa maji. Chokaa hushika kwa kurudisha ile hewa ya ukaa iliyoitoa motoni, na huirudisha polepole, ikiwa na unyevunyevu. Kiangazi cha milimani kina upepo mkavu, na upepo ndio uliotupasulia lipu ya kwanza. Tulitundika magunia yaliyoloweshwa mbele ya ukuta, yakamwagiwa maji asubuhi na jioni kwa siku kumi na mbili. Vijana wa kipaimara waligawana zamu. Lipu ya pili haikupasuka. Fundi alirudi kuigonga kila alipopita, na mwishowe ndiye aliyewaeleza wazee kwa nini kanisa lote lifanyiwe vilevile.

Matokeo

Baada ya mvua ya kwanza kipande cha majaribio kilibaki kikavu juu ya sentimita 30. Baraza likaruhusu kuta zote za ukumbi. Baada ya msimu wa pili mstari wa unyevu wa kaskazini ulikuwa umeshuka kutoka mita 1.4 hadi nusu mita, na unga wa chumvi ukapungua hadi kufagiwa mara moja kwa mwezi. Ramani ya kanisa jipya haikutupwa, ila imehamishiwa upande mwingine wa kiwanja, kama ukumbi wa ibada kubwa. La zamani linabaki.

Sakristia haijapona. Ina marumaru ndani na ngazi ya zege nje, hivyo unyevu wa ardhini hauna pa kutokea isipokuwa ukutani. Kabati la vitabu tumelihamisha na kulipa nafasi ya kiganja kutoka ukutani. Kurasa zilizogandana bado hazijafunguliwa. Niliwasihi wasizilazimishe kwa kisu.

Halafu kuna dari. Wakati tunahangaika na kuta, mfadhili mmoja alijitolea kuibadilisha kwa sababu mchwa walikuwa wameingia kwenye mbao chache. Kamati ndogo ilikubali kwa nia njema, ikaweka dari ya jipsamu, laini, iliyopakwa rangi nyeupe. Nilirudi nikaikuta imekamilika. Nilipiga kofi moja katikati ya ukumbi na sauti ikabaki inazunguka.

Uchambuzi

Kilichofaulu zaidi ni kufungua vipande viwili vya ukuta badala ya kimoja. Kile cha chini peke yake kilithibitisha hoja ya kubomoa. Kile cha juu kilionyesha kwamba ugonjwa una mpaka, na mpaka huo unafuata saruji kuliko umri. Kila ninapoitwa sasa natafuta kwanza sehemu ya jengo ambayo haijawahi kukarabatiwa.

Kumaliza maji kabla ya lipu kulikuwa sahihi, ingawa kunaacha swali la haki: ni kiasi gani cha kukauka kimeletwa na gata na mtaro, na kiasi gani na chokaa? Tulifanya vyote kwa karibu wakati mmoja, siwezi kuvitenganisha. Sakristia, iliyopata gata lakini haikuachwa ipumue, inanifanya niamini kwamba maji peke yake yasingetosha.

Kosa la dari nalibeba mimi. Nililitazama kanisa kama tatizo la unyevu, nikaandika ripoti ya unyevu. Kamati ilisoma ripoti, haikuona neno lolote juu ya dari, ikaamini kwamba dari ni kazi ya seremala. Laiti ningeandika ukurasa mmoja wa mambo yasiyoguswa bila mashauriano, na sababu ya kila moja, mbao zile zingekuwa pale. Mchwa walikuwa wamekula chini ya kumi.

Hasara yake inaweza kukadiriwa. Kanuni aliyoipata Wallace Sabine, mwanafizikia wa Harvard aliyeanza kuchunguza ukumbi mmoja wa mihadhara mwaka 1895, inasema muda wa mwangwi kufifia ni 0.16 mara ujazo wa ukumbi, ugawanywe kwa uwezo wa vilivyomo kumeza sauti. Ukumbi wetu una mita za ujazo 1,440. Kwa lipu, marumaru na jipsamu nakadiria uwezo wa kumeza kuwa kama mita za mraba 80, hivyo mwangwi unakaa karibu sekunde tatu. Waumini 250 wakiingia, kila mmoja akihesabiwa nusu mita ya mraba, uwezo unafika 205 na mwangwi unashuka hadi sekunde 1.1, ambapo hotuba inasikika vizuri. Ndiyo maana Jumapili hakuna aliyelalamika. Lakini sala ya asubuhi ya katikati ya wiki ina watu thelathini, wengi wao wazee, na mwangwi ni kama sekunde 2.4. Silabi inakanyagwa na ile iliyoitangulia. Usharika umenunua spika kubwa zaidi, na spika imeongeza nguvu ya sauti pamoja na mwangwi wake. Yule mama wa maua aliniambia siku hizi anasogea hadi benchi la pili, "nisome midomo ya mchungaji."

Ukuta uliozibwa na dari iliyozibwa vilinipita kwa sababu niliona kimoja kama ufundi na kingine kama mapambo. Vyote viwili viliwekwa na watu waliotaka kanisa lipendeze, na wote walichagua kitu kigumu, laini, kinachong'aa, mahali ambapo waliotangulia waliweka kitu chenye vitundu.

Baraza limekubali kufungua jipsamu upana wa kenchi mbili, juu ya mabenchi ya nyuma, na kurudisha mbao zenye nafasi. Mbao za zamani zilizokuwa nzima zilikutwa kwenye stoo ya usharika, zimepangwa vizuri, zimefunikwa turubai. Tutasikiliza kwa miezi mitatu ya sala za asubuhi kabla ya kuamua juu ya sehemu iliyobaki. Kazi inaanza mvua zikikatika.